Abiria wa Kiti cha Nyuma

Pochi ya mama mmoja ilipotea kabla basi halijafika sokoni, na macho yote yakamgeukia mtunza stoo aliyekaa kiti cha nyuma.

"Huyu mzee mimi namwona kila siku," alisema kijana mwenye kofia. "Anapanda, hashuki. Ana kazi gani humu?"

Mtunza stoo aliukumbatia mkoba wake wenye chakula cha mchana alichofungiwa na mkewe. Kijana hakusema uongo.

Stoo ya kiwanda cha rangi ilikuwa imefungwa, naye akatoka mikono mitupu. Mwanzoni alizunguka ofisi moja baada ya nyingine akiomba kazi. Walimtazama mvi, wakamwambia watampigia, na simu haikulia. Nyumbani hakusema neno. Asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akaagwa mlangoni kama kawaida, akakata tiketi ya siku nzima, akajikunyata kiti cha nyuma mpaka jioni. Angemwambiaje mkewe, aliyezoea kumsifia kwa majirani? Na binti yake je, ambaye tangu akiwa mdogo baba alimwimbia kwamba mtu ni kazi?

Binti mwenyewe alikuwa ameshamaliza chuo, akapata ajira kampuni ya ulinzi. Alisema anashinda mbele ya kompyuta akilinda mali za watu. Baba hakumdadisi zaidi. Maneno ya kazi, ukiyaanzisha mezani, hayakawii kukurudia mwenyewe.

Kilichomkera zaidi ndani ya basi ni kamera. Ilikuwa juu darini, nyeusi, haikupepesa. Wakati wa kula aligeukia dirishani, akatafuna kwa kujificha kama mtoto aliyeiba sukari. Alimwazia anayemtazama huko aliko: kijana fulani aliyekunja nne, anawaita wenzake, njooni mumwone yule babu wangu, leo kaja tena na tai.

Dereva aliegesha basi pembeni, akasimama katikati ya njia.

"Tulieni jamani. Hizi kamera mnadhani ni mapambo?"

Akapiga simu chumba cha kamera. Abiria walimwangalia anavyoitikia kwa kichwa, simu sikioni.

"Ndiyo. Ndiyo. Nimekuelewa, bosi. Hapana, hakuna aliyemgusa. Sawa, bosi."

Alikata simu, akafuta shingo.

"Wamerudisha picha nyuma. Pochi haikuibiwa. Ilidondoka mama alipokuwa anamfunga mtoto mgongoni. Iko kati ya kiti na ukuta."

Mama alipenyeza mkono, akapapasa, akaitoa.

"Na mzee wetu hahusiki kabisa," dereva aliongeza, kwa nia njema tu. "Wameangalia. Hajanyanyuka pale tangu asubuhi."

Kisha kijana mwenye kofia akauliza taratibu, "Tangu asubuhi?"

"Kumbe kaajiriwa humu," akadakia mwingine.

"Basi wamlipe na posho ya kukaa."

Kicheko kilianzia mbele kikasambaa mpaka nyuma. Hata mama wa pochi alicheka, huku ameweka mkono kifuani kumwomba radhi. Mtunza stoo naye alijaribu kucheka, mdomo ukakataa. Angeitwa mwizi, angekana mpaka mwisho. Hili angelikanaje?

Mwisho wa njia walishuka wote. Dereva akaja nyuma, akakaa kiti cha jirani.

"Usiwajali, mzee wangu. Midomo haina breki."

"Nishuke, mwanangu?"

"Kaa tu. Mimi zamani si nilikuwa nakuamsha hapa ushuke? Ni hao hao wa kamera walionikataza. Na leo nimefokewa, eti kwa nini nimewaacha watu wakuonee. Sijui nimemkosea nini yule."

"Wananijua?"

"Watakujuaje?" Dereva alicheka. "Kutoka kule juu, mzee wangu, wanaona kipara tu."

Lakini mtunza stoo alishuka. Alitembea kwa miguu, akipita nyuma ya maduka ili asikutane na mtu. Basi haliwezekani tena, nyumbani mapema haiwezekani. Alizunguka mpaka miguu ikavimba ndani ya viatu, na saa ya kutoka kazini ilipofika akanyoosha tai, akabisha hodi.

"Pole na kazi, mume wangu," mkewe alimpokea mkoba. "Leo umechoka kweli. Huko stoo wanakubebesha magunia?"

"Mzigo mpya umeingia," alisema. "Makopo mengi."

"Na huyu mwanao naye katoka kazini macho mekundu kama kala pilipili. Mnashindana?"

Binti alikuwa mezani, anasukuma chakula kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine. Alimwamkia baba yake bila kumtazama. Baba akaitikia, akakaa, akauliza kama kazini kwao ni kwema, basi tu asiulizwe yeye.

"Kwema, baba."

"Mshukuru Mungu. Kazi ni heshima."

Alipolisema hilo alitamani meza immeze. Mkewe aliinuka kwenda jikoni kuleta chai. Binti alisubiri mpaka vikombe vianze kugongana huko ndani, ndipo akasogeza kiti chake karibu na kumwekea baba kipande chake cha nyama kwenye sahani.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "Jumatatu naingia zamu ya usiku. Atakayekaa kwenye skrini zangu mchana hakujui."