Nyimbo za Scola

Ngumi ya pili ilimkuta Yakobo mdomoni kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio.

Kosa lake lilikuwa kucheka. Wakata miwa walikuwa wamekaa nje ya kambi wakisubiri chakula cha mchana. Fabian alikuwa amejiegemeza ukutani, simu sikioni, macho mekundu, akimsikiliza dada mmoja akiimba kwamba bado anapika chakula cha watu wawili. Yakobo akamtania, "Umeachwa, mzee baba?" Basi. Ilibidi watu watatu wamkamate Fabian, na hata walipomkamata, mguu wake uliendelea kuzitafuta mbavu za Yakobo pale chini.

"Sijaachwa!" alisema akihema. "Mimi ndiye niliyeondoka."

Kwa namna fulani ilikuwa kweli. Tangu wapange chumba kule Shirimatunda, Scola alishapigwa kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya kuchelewa sokoni, kwa ajili ya kuongea sana kwenye simu na kaka yake, Crispin. Mara ya mwisho alipigwa kwa sababu alifunga nguo zake kwenye begi na kusema anarudi kwa mama yake kule Kibosho. Fabian alianza na mkanda, akaja kwa ngumi, akamalizia kwa mguu wa kiti. Alipochoka, alimwacha palepale sakafuni, akatupa laini yake mwenyewe ya simu mtaroni, akapanda gari la kwanza kwenda kwenye mashamba ya miwa. Hakumuaga mtu. Hasira za Scola alizijua: atalala, ataamka, atanuna, yataisha. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Ila safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyeshindwa kulala. Alinunua laini mpya, akaandika kwenye namba pekee aliyoijua kwa kichwa: "Ni mimi."

Siku nzima kimya. Kesho yake Scola akajibu. Hakutukana wala hakulaumu. Alituma wimbo.

Ukafuata mwingine, na mwingine. Zote zilikuwa za kulilia mapenzi yaliyovunjika: mwanamke anayefua shuka la mtu asiyerudi, mwanamume aliyebaki stendi mvua inamnyeshea, na ule wa chakula cha watu wawili, ambao ulimkaa Fabian kichwani kama homa. "Hizi ndizo ninazosikiliza tangu uondoke," Scola aliandika. Fabian alizisikiliza katikati ya shamba, moshi wa miwa iliyochomwa ukimwasha macho, akalia bila kujificha. Ilikuwa raha ya ajabu kuliliwa namna ile.

Siku moja akauliza, "Umenishtaki?"

"Hapa nyumbani hakuna aliyekwenda polisi. Jina lako hatujamtajia mtu."

Akapiga. Simu ikaita hadi ikakata. "Siwezi kuongea," ujumbe ukaja. "Sauti imekauka kwa kilio." Zamani Scola aliandika kwa mkato, maneno nusunusu na vikatuni vya kucheka. Sasa aliandika maneno mazima, na nukta mwishoni. Fabian akaona huzuni imemkomaza.

Hatimaye ukaja ujumbe aliokuwa akiungoja. "Njoo Kibosho Jumapili asubuhi, watu wakiwa misani. Pita njia ya mfereji, usionekane. Mlango wa nyuma utakuwa wazi."

Jumapili alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akafunga kiunoni ule mkanda wake mpana. Njiani alipanga yote. Atamsamehe, ndiyo. Atarudi naye. Lakini kwanza atamfundisha, palepale nyumbani kwao, kwamba mwanamke wake hafungi begi. Akifikiria hivyo, vidole vyake vilikuwa vikijikunja na kujikunjua vyenyewe.

Alishuka kwenye gari barabarani, akapanda mlima kwa miguu kandokando ya mfereji, katikati ya migomba na mibuni. Kengele ya kanisa ilikwisha kulia, na nyumba zote alizopita zilikuwa zimefungwa. Mbwa mmoja alimjia akibweka. Fabian alimpiga teke la taya, mbwa akabiringika hadi majini, na yeye akaendelea na safari bila kugeuka.

Kabla hajaiona nyumba, aliusikia wimbo. Dada yule alikuwa akiimba kwamba sahani ya pili imepoa tena. Fabian akatabasamu. Akavuka kihamba, shamba la migomba la nyumbani kwao, akafika mlango wa nyuma, akaukuta umerudishiwa tu kama alivyoahidiwa. Akavua mkanda, akauzungusha kiganjani mara mbili, chuma kikining'inia nje. Akasukuma mlango kwa bega.

"Scola!"

Kwenye kochi alikuwa amekaa mama yake Scola, miwani puani, spika ndogo miguuni. Mapajani alishika simu ya binti yake. Kidole kimoja kilikuwa kikibonyeza herufi polepole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Alipomaliza, simu ya Fabian ikatetemeka mfukoni. Aliitoa, akasoma.

"Karibu."

"Shikamoo, mama," salamu ilimtoka yenyewe.

Mama hakuitika. Nyuma ya Fabian komeo likagonga. Alipogeuka alimkuta Crispin amesimama mbele ya mlango, mikono miwili kwenye mpini wa shoka la kupasulia kuni.

"Scola yuko wapi?" Fabian aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya kambini. "Mama, Scola yuko wapi?"

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge bila haraka.

"Tulimzika wiki ileile uliyoondoka," alisema, kisha akainama, akaongeza sauti ya wimbo.