Sanduku Katika Ndengu

"Ukivuka hiyo mstari, mambo yako utajijulia," alisema mzee Mutunga, na panga alilochorea mstari huo mchangani lilikuwa bado mkononi.

Dkt. Kiilu alisimama. Sanduku jeupe lilikuwa limelala hatua kumi mbele yake, katikati ya ndengu zilizopondwa, na kamba za puto zimetambaa hadi ukingo wa shamba. Alikuwa ametoka Makindu alfajiri bila hata chai ili afike huku Mbumbuni kabla ya wenzake. Hasa Mbithe, fundi wa mota. Kikaoni Kiilu alikuwa amesema mbele ya kila mtu kwamba mota ya Mbithe ndiyo iliyoharibu kazi ya miaka minne. Jumatatu mama huyo angefutwa kazi.

Alimeza hasira, akaeleza. Eksirei za nyota huishia juu hewani, hazifiki chini, ndiyo maana wakarusha chombo kwa puto. Walitaka kujua mawimbi ya eksirei hizo hutikisika kuelekea upande gani. Chombo lazima kizungushwe na mota muda wote, la sivyo kitaisingizia nyota kasoro zake chenyewe. Hiki kiligoma kuzunguka tangu kiliporuka.

"Na nyota zenu hazikuona pa kulala ila kwa ndengu zangu?"

Kiilu alimchukia mzee huyu kwa dhati. Aliomba, akatishia kumwita chifu, akaomba tena. Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea, huku jua likimchoma kisogo na saa zikienda. Mwishowe Mutunga akatema mate, akasogea kando, akampa dakika tano.

Kiilu alipiga magoti, akafungua kifuniko. Kadi ya kumbukumbu yenye vipimo hakuigusa. Alipenyeza vidole chini ya mota, akachomoa pini ya kuifungia isizunguke, ile ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyepaswa kuiondoa kabla puto halijaachiliwa, akaichomeka ndani ya soksi.

Alipogeuka, Mutunga alikuwa ameweka panga chini na kuinua simu, kamera yake ikimwelekea.

"Ile namba imeandikwa kwa sanduku, mimi nilipiga jana," mzee alimwambia, kisha akaisogeza simu mdomoni. "Mama Mbithe, umemwona vizuri, ama nikaribie?"