Mnana na Shule ya Tausi

Mnaniganda na hadithi kama kupe! Haya, sikilizeni, kisha mniache na uji wangu.

Mnana, ndege kijana, alitaka kujifunza kusuka viota. Mjomba wake alifundisha kwa punje chache za mtama.

"Kwa mjomba wanasoma wenye njaa," akabeza. "Mimi nakwenda kwa Tausi."

Ada ya Tausi ilikuwa manyoya. Mama mtu akanyonyolewa hadi asiweze kuruka.

Mpumbavu yule akarudi kwa madaha, akasuka kiota. Mchumba wake akakivuta kukipima, kama ilivyo desturi yao. Kikaanguka chote.

"Ulifundishwa nini huko?"

"Kutandaza mkia."

"Basi utandaze, tulale humo!" Akaenda zake.

Msimu ule Mnana hakuoa. Wenzake walilisha makinda. Yeye alimlisha mama yake mdomoni.