Tochi ya Mtutuni

Tangu umeme wote upelekwe kwenye uzio wa mpaka, kila nyumba iliruhusiwa taa moja tu: tochi ya bunduki ya lindo. Ikishafungwa kwenye bunduki, haifunguliwi tena.

"Chukua hii, baba Pendaeli," mtunza ghala alimwambia Elinihaki. "Mwanga wake ni mwembamba. Unamwona mtu akiwa mbali, naye hakuoni."

"Hiyo itatuangazia sahani moja," mkewe Naetwe alisema. "Chukua yenye mwanga mpana. Mtoto ana mtihani."

Mtunza ghala akacheka. "Adui naye atakushukuru, mama. Atamwona mumeo vizuri."

Elinihaki alimtazama mkewe, kisha akachukua ile pana. Naetwe akaomba ifungwe ubavuni, ili kivuli cha mtutu kisiangukie kitabu.

Kila jioni bunduki ililazwa mezani, kando ya sufuria ya makande. Pendaeli aliketi mbele ya mtutu, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na mwanga mzuri. Mwanzoni Naetwe alimhamisha. Baadaye akaacha.

Zamu ya Elinihaki ilipofika, alitoka na bunduki yake, na nyumba ikabaki giza. Naetwe akamshika binti yake mkono ili wasali.

"Ee Mungu," Pendaeli akasema, "irudishe bunduki yetu salama."

Naetwe alisubiri amtaje na baba yake. Mtoto alikuwa amemaliza. Basi Naetwe akaitikia amina, kwa maana ile tochi aliichagua mwenyewe.