Chatu Ndani ya Tanuri

Masunga alikuwa tayari kuwasha kiberiti mkewe, Nyamizi, alipomshika mkono. Ndani ya tanuri lao la matofali, chatu mnene kuliko paja la mtu alikuwa amejizungusha juu ya mayai.

"Mvua ikitukuta hatujachoma, matofali yote yatarudi kuwa udongo," Masunga alisema. "Nyumba tutajengea nini?"

"Mtazame kwanza."

Chatu alitoka polepole, ngozi imemlegea mbavuni, maana tangu atage hakuwa amekula. Alijinyoosha juani mpaka mwili wote ukapata moto. Mbuzi alipita karibu naye, lakini chatu hakumgusa. Kisha akarudi ndani, akayakumbatia mayai, akiwapelekea wanawe lile joto alilolichota nje.

Masunga alichuchumaa. "Kumbe ndiyo kazi yake kutwa nzima," alisema taratibu.

Wingu lilipotanda, alikimbia nyumbani akarudi na turubai. Walilitandaza juu ya tanuri, kila mmoja akivuta pembe yake, na matone ya kwanza yakaanza kuligonga.

"Usifunike mlango," Masunga alisema. "Kesho jua likitoka, atapita wapi?"