Sura Moja Katika Kila Harusi

Programu ya kwanza ilimfuta bibi yake bwana harusi mikunjo yote, ikamwacha laini kama yai lililomenywa. Rudaina aliitazama picha hiyo, akapiga mwayo, akaiondoa programu kwenye kompyuta.

"Umeifuta ya nini?" mama yake, Mama Ghassan, alilalama kutoka kwenye kochi. "Si ungenipitisha na mimi kwanza!"

"Mama, hii inawafanya wanawake wote wa mji huu wa Irbid wawe mapacha. Mimi natafuta sura moja tu. Wakifanana nitamjuaje?"

Sura yenyewe ilikuwa ya mdoezi. Katika ukumbi wa Bi Ibtihal, ambako Rudaina alipiga picha za harusi za wanawake kila Alhamisi, kulikuwa na mtu anayeingia bila kualikwa. Watu wa bi harusi walimdhani wa upande wa bwana harusi; watu wa bwana harusi walimdhani wa upande wa bi harusi; basi wote wakambusu mashavu na wote wakampakulia kunafa, kile kitamu cha jibini na shira. Simu ziliachwa mlangoni, maana ndani wanawake wamevua mitandio yao, kwa hiyo picha pekee zilikuwa za Rudaina.

"Nipatie sura yake kabla ya Alhamisi," Bi Ibtihal alikuwa amemwambia. "Ukishindwa, yupo binti mwingine mwenye kamera, na huyo picha zake amezipanga."

Kuzipanga! Picha za Rudaina zilirundikana ndani ya kompyuta ile kama nguo chafu kwenye tenga. Mji mzima alikuwa ameusindikiza kwenye ndoa. Wapo aliowapiga picha harusi ya kwanza, akawapiga na ya pili, na wakimwona njiani walimsalimu kama mtu wanayetarajia kumhitaji tena. Miguu ilimuuma kuanzia kisigino hadi nyonga, na akilala alisikia vigelegele.

"Na wewe lini?" Mama Ghassan hakuchoka kuuliza. "Mke wa kaka yako nilimwona harusini, nikamchagua hata juisi haijafika mezani. Kila mama mwenye kijana huenda huko na macho yake. Nawe umo humo humo kila wiki!"

"Mimi niko kazini, mama. Nani atoke kwake aende harusini kumchagua mpiga picha?"

Programu ya pili ilikuwa ya bure, tena nyepesi na yenye adabu. Iliomba ruhusa moja tu: izipeleke picha zote mtandaoni, izipange huko huko. Kabla Rudaina hajajibu, Mama Ghassan alikwisharuka kwenye kochi, yeye na magoti yake mabovu, akaichomoa kompyuta ukutani.

"Wake za watu, vichwa wazi, wakatazamwe na wanaume wa ng'ambo? Watakuja kutuchomea nyumba, na mimi ndiye nitakayewapa kiberiti!"

Ya tatu ililetwa na kaka yake, Ghassan. Hii haikutaka mtandao. Ilifanya kazi yake humo humo ndani, polepole, huku kompyuta ikinguruma na kupata moto hadi Mama Ghassan akafikiria kubandika birika la chai juu yake. Kazi yake ilikuwa kukusanya nyuso. Kila ilipokwama iliuliza: huyu ni nani? Huyu na huyu ni mmoja? Rudaina alijibu ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, mpaka maneno yenyewe yakapoteza maana. Ilimkamata hata mwanasesere wa juu ya keki, ikataka jina lake.

"Mwandike mume wa shangazi yako," alisema Mama Ghassan. "Naye hana kazi ila kusimama."

Kisha sura moja ikaanza kujikusanya. Mwanamke wa makamo, gauni la kijani, meza ya nyuma. Akatokea kwenye harusi ya wafanyabiashara, akatokea ya wakulima, ya Wacherkesi wenye asili ya Kaukazi, ya watu wasiojuana wala kupakana. Hakuna binadamu mwenye ndugu kote huko.

"Ndiye," Rudaina alisema, akaegemea kiti, akafumba macho.

Mama yake alivaa miwani, akasogea. "Masikini, mbona hata kunafa hajaigusa?"

"Ameshiba ya juzi."

"Na tazama, wenzake wote wanamtazama bi harusi. Yeye anaitazama kamera."

"Mwizi humjua askari, mama."

Alhamisi hiyo picha ya mwanamke yule ilikuwa mikononi mwa bi mlinzi wa mlangoni. Rudaina, ndani, alikuwa akizisimamisha taa zake mbele ya jukwaa la maharusi aliposikia zogo, kisha kimya. Hakwenda kuchungulia. Hakuwa na miguu ya kwenda kuchungulia.

Bi Ibtihal aliingia akipangusa mikono kama mtu aliyetoka kuchinja.

"Amekwenda zake! Mkataba ni wako mwaka mzima, mwanangu. Huyo mwenzako na picha zake za kupangwa akatafute ukumbi mwingine."

"Alifanya fujo?"

"Fujo wapi! Fujo niliifanya mimi. Yeye aliinamisha kichwa, nusura nimhurumie. Eti ana kijana wake, daktari wa meno, anamtafutia mke. Nikamwambia, bibi wee, harusi zote hizi hujampata hata mmoja? Akasema alimpata tangu siku ya kwanza, ila kila akija anangoja yule binti aishushe kamera amwone uso, na haishushi."