Kadi Namba Sitini na Tatu

Kadi ilikuwa mfukoni mwa koti, na kila Mheshimiwa alipomaliza jambo moja la taarifa yake aliigusa kwa kidole kabla ya kuanza jingine. Ilikuwa kadi ngumu ya njano, haina jina, ina namba tu: sitini na tatu. Aliikuta kwenye mkoba wa mama yake, siku ya nne baada ya mazishi.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Watu walisimama dakika moja kumkumbuka marehemu, wakaketi, viti vikakwaruza sakafu, na yeye akafungua faili. Kila miezi mitatu mbunge huja kusoma alichofanya na alichoshindwa, na hakutaka kuahirisha. Kusema kweli, aliogopa kubaki nyumbani.

Akasoma. Barabara ya sokoni imemwagwa kifusi, lami bado. Bomba la maji limezibwa juu, sasa linavuja chini. "Tunaziba huku, panatoboka kule," alisema, na watu wakacheka kidogo, kwa adabu ya msiba. Kisha akafika kwenye hospitali.

"Daktari bingwa wa moyo bado ni mmoja. Wa pili tumeahidiwa. Foleni ya upasuaji imefika kadi ya sitini na moja."

Namba mbili tu. Akafungua ukurasa mwingine.

Foleni ile aliianzisha yeye mwenyewe. Alipochaguliwa, nafasi za upasuaji zilikuwa zikigawiwa kwa vimemo: leo shemeji wa diwani, kesho jirani wa mganga mkuu. Akavipiga marufuku. Akaleta kadi zisizo na majina, ili hata karani wa dirishani asijue anamwita ndugu wa nani. Mwenye kadi ndiye anayeingia, basi. Watu walimpenda kwa hilo, na yeye, tusifichane, alijipenda kwa hilo.

Kisha moyo wa mama yake ukaanza kusumbua.

"Chukua kadi kama wengine, mama," alimwambia. "Na namba usinitajie. Nikiijua nitashawishika."

Mama akachukua. Kila Jumapili binti alipiga simu kuuliza kama ameshaitwa, na kila Jumapili alijibiwa, "Bado, mwanangu. Tupo kwenye foleni." Mara moja tu, sauti ikiwa imechoka, mama aliongeza, "Na wewe huko huwezi kuwauliza kidogo?"

"Nikiuliza kwa ajili yako, mama, nimebomoa kila kitu."

"Haya. Basi usijisumbue."

Mama hakulitaja tena. Baada ya miezi minne alianguka jikoni, sufuria ikiwa bado motoni. Kaka mtu ndiye aliyesema, tena mbele ya jeneza, "Ungeinua simu tu. Najua mganga hajigangi, lakini hata mamaye?" Tangu siku hiyo hawajasemezana, na leo alikuwa amekaa safu ya mwisho, mikono kifuani.

Mheshimiwa hakutazama huko. Alikuwa na kadi. Alilia juu ya kadi ile mpaka pembe moja ikalainika, lakini ndiyo iliyomsimamisha kila asubuhi. Mama alikufa kwa sababu namba yake haikufika, si kwa sababu kuna mtu alimruka. Bila hilo asingeweza hata kufunga vifungo vya koti.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama mmoja kijana akaingia akihema, mtoto mkononi, bahasha kubwa ya hospitali kwapani, akaomba radhi kwa kila goti alilolipita.

Wakati wa maswali, fundi viatu wa pale stendi ndiye aliyeanza. "Mheshimiwa, pole sana. Ila tunasikia foleni inarukwa."

"Haijarukwa hata namba moja," alisema, akiigusa kadi mfukoni. "Hilo naweza kuliapia. Nina sababu zangu."

Yule aliyechelewa akanyoosha mkono. "Mimi sina swali, nimekuja kushukuru. Natoka kliniki sasa hivi, kidonda kimefunga vizuri. Nilipasuliwa miezi mitatu iliyopita. Kadi yangu ilikuwa sitini na tatu."

Ukumbi ukavuma. "Si nilisema," alisema fundi viatu. Safu ya mwisho, kaka mtu akasimama.

Mheshimiwa akaitoa kadi mfukoni, akaisoma upya. Namba ilikuwa ile ile.

"Haiwezekani," alisema. "Sitini na tatu ninayo mimi hapa."

"Jamani, sikumruka mtu." Mama kijana alisema haraka haraka, akimpakata mtoto vizuri. "Tulibadilishana. Kuna mama tulikaa naye benchi moja, yeye alikuwa na kumi na nne. Alivyomwona huyu mtoto, akanipa kadi yake, akachukua yangu. Nilikataa, nikamwambia, mama, na wewe je? Akanicheka. Akasema nisimhurumie, mbunge ni binti yake wa kumzaa, akiinua simu mara moja tu nafasi inapatikana."

Akanyoosha shingo, akatafuta kwenye viti vya mbele.

"Nilijua leo nitamkuta hapa, Mheshimiwa. Hajambo lakini?"